Stempu ya Nne

Mgawa barua alikuwa amebakiza nyumba tatu kumaliza mtaa alipokuta, katikati ya bili za maji na matangazo ya mikopo, bahasha nene yenye nembo ya Makao Makuu ya Posta. Anwani ilipigwa chapa vizuri, haina hata kosa moja: Kwa Familia ya Marehemu, halafu jina la mama yake, majina yote matatu, halafu namba ya nyumba aliyozaliwa yeye mwenyewe, aliyolala jana, na aliyokuwa anategemea kulala leo.

Aliisoma mara tatu amesimama katikati ya njia. Mtu mwenye akili zake angepiga simu nyumbani kwanza. Yeye alikanyaga baiskeli mpaka mnyororo ukatoka, akaitupa kwa fundi wa baiskeli ng'ambo ya barabara, akaingia ndani mbio. Mama yake alikuwa jikoni amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi.

"Mama! Uko hai?"

"Wewe unaonaje?" mama akasema. "Nisogezee hilo beseni."

Mji mzima ulimwita Mama Simu, kwa kuwa kwa miaka thelathini na moja alikuwa opereta pale posta, enzi ambazo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine lazima maneno yako yapite sikioni mwake kwanza. Alikuwa amestaafu miaka tisa, ana miaka sitini na minne, magoti yanamsumbua, ulimi haumsumbui hata kidogo. Kwenye nyumba ile alikaa na mwanawe huyo na mkamwana wake, fundi cherehani, ambaye aliweka mashine yake kibarazani ili wateja wasiingie ndani kukanyagakanyaga.

Ni fundi cherehani aliyeifungua bahasha, kwa mkasi wa kazi. Barua ilisema kwamba katika kuadhimisha miaka arobaini tangu mji ukombolewe mikononi mwa wavamizi, Posta itatoa stempu nne, kila moja na sura ya mfanyakazi wa posta aliyepoteza maisha siku ile. Familia inaombwa ilete wawakilishi wawili. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya mfano: wanaume watatu, na pembeni chini, msichana wa miaka ishirini na minne mwenye visikizi masikioni, anacheka kidogo.

"Jamani, kumbe ulikuwa na shingo, mama!" fundi akasema, akaishika karatasi juu dirishani. "Mume wangu, njoo umwone mwenzio alivyokuwa mrembo. Wewe umefuata nani?"

Walicheka wote wawili. Mgawa barua alicheka kwa nguvu zaidi, maana moyo wake ndio kwanza unarudi mahali pake. Mama Simu hakucheka. Aliosha mikono, akaifuta, akaichukua ile karatasi akaitazama kwa karibu sana.

"Wameandika tumekufa wote wanne?"

"Karani tu huyo kalewa," mwanawe akasema. "Nitawapigia warekebishe."

"Usipige."

Alipiga. Na mimi simlaumu. Mtu akiletewa maandishi kwamba mama yake ni marehemu, na mama yuko jikoni anamenya viazi, utamwambia anyamaze?

Siku ya tatu Afisa wa Stempu akaja kutoka Makao Makuu, gari limejaa vumbi, mkoba wa ngozi umebanwa kwapani. Alikaribishwa kwenye kiti cha wateja kibarazani, akakaa, akaruka, akatoa pini kwenye suruali, akakaa tena upande mmoja. Fundi cherehani aliomba radhi na kuinama kwenye kazi yake ili asionekane uso.

"Nimefika kwa jambo la marehemu," Afisa akaanza. "Samahani. La kwako, mama."

"Hujakosea sana, endelea."

Akaeleza. Sheria ya stempu ni fupi: mtu aliye hai hawekwi. Ukimweka leo kwa ushujaa, kesho akakamatwa kwa wizi, utazibandua vipi stempu zilizokwisha kusambaa duniani? Ndiyo maana wanasubiri mtu afe kwanza, hapo anakuwa hana la kuharibu tena. Na hizi zimekwisha chapwa, nakala laki sita, wiki tatu zimebaki, na Waziri ameshakubali kuja.

"Kwa hiyo kosa langu ni kuwa hai."

"Si kosa, mama. Ni changamoto."

"Lakini kila mwaka mnaniita kwenye jengo lenu hilo hilo kuhakikiwa kwamba sijafa, ndipo nipate pensheni. Napanga foleni tangu asubuhi. Mwaka jana mwenzako alinichovya vidole kwenye wino mara mbili, eti mara ya kwanza sikutokea vizuri."

"Ile ni idara nyingine," Afisa akasema, na hakuwa anatania.

Akafungua mkoba akatoa karatasi yenye mistari miwili. Ilisema kwamba mwanamke aliye kwenye stempu ya nne ni mchoro wa kubuni, usiohusiana na mtu yeyote aliye hai. Mama Simu akiweka saini hapo chini, basi, yamekwisha, stempu zinatoka kama zilivyo. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema ameona mgawa barua ameomba nafasi ya mkuu wa kaunta, na Makao Makuu huwa wanawakumbuka wanaowasaidia.

Mgawa barua, aliyekuwa amesimama mlangoni na sare yake, akanyoosha mgongo.

"Hilo faili lililosema nimekufa ni lipi?" Mama Simu akauliza.

"La nyumba." Afisa akashusha sauti, ingawa fundi alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. "Nyumba hii alipewa mama yako mzazi, mwezi mmoja baada ya Ukombozi, kwa kuwa binti yake opereta alikufa akivuka daraja kupeleka ujumbe. Sasa ukianza kusema hukufa, mama, na nyumba nayo itaanza kuulizwa maswali. Mimi nakuonea huruma tu."

"Niachie karatasi," Mama Simu akasema. "Rudi Jumatatu, nitakuja posta mwenyewe."

"Jumatatu mbali, mama."

"Nimekaa marehemu miaka arobaini, wewe huwezi kukaa siku nne?"

Gari halijafika kona, mgawa barua alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni.

"Saini, mama. Mistari miwili. Mimi miaka kumi na mitatu natembeza barua, mbwa wa mji huu wote wananijua kwa harufu. Nafasi ya kaunta ikinipita safari hii, nitastaafu kwenye baiskeli."

"Aliyevuka daraja si mimi," Mama Simu akasema.

Alilisema vivi hivi, anakunja karatasi. Lazima nieleze hapa, maana kwa mji ule lilikuwa neno zito. Kila Siku ya Ukombozi Mama Simu aliwekwa mstari wa mbele, kwenye kivuli, karibu na wakubwa. Mshereheshaji alimtaja: mama aliyevuka daraja chini ya mitutu ya bunduki akauokoa mji! Watu walipiga vigelegele, yeye akapewa maikrofoni asalimie, akasalimia, akakaa. Ukutani posta kuna jiwe lenye majina manne, la kwake la mwisho, na watu walijua kwamba watatu walikufa na mmoja Mungu alimponya. Hakuwahi kusema kwa mdomo wake kwamba alivuka. Hakuwahi kukanusha pia.

"Asubuhi ile wavamizi walikuwa wameshaondoka," akasema. "Walibaki walinzi wachache tu njia ya mtoni. Jeshi letu ng'ambo ya mto halikujua. Lilikuwa limepanga kupiga mji kwa mizinga saa mbili, na watu wamejaa majumbani. Laini ilikuwa imekatwa. Wenzangu watatu walikuwa wamepigwa risasi uani, nimesikia kwa masikio yangu. Walinzi walikuwa wanampitisha mtu wa posta akiwa na koti na beji, wakidhani anakwenda kuunga nyaya zao. Koti nilikuwa nalo mimi. Aliyetakiwa kwenda ni mimi."

"Sasa?"

"Miguu ilikataa. Nilikaa nyuma ya mtambo wa simu, kusimama siwezi. Mfagiaji alikuwa amejificha chumba kimoja na mimi. Akanitazama, akasema, nipe koti. Nikampa." Akaikunja karatasi tena. "Sikumwambia hata mara moja abaki. Nilimvalisha mimi mwenyewe, nikamfunga vifungo, tena haraka haraka."

Fundi cherehani aliacha kushona.

"Ujumbe ulifika. Mizinga haikupigwa. Yeye akapigwa risasi akiwa anarudi. Walimpata mtoni siku ya nne, uso hautambuliki, beji ni yangu na namba ni yangu. Wakanizika. Mimi nilikuwa nimekimbilia kwa shangazi yangu shamba, homa imenishika. Niliporudi, mama yangu, mjane wa watoto watano, alikuwa ameshapewa funguo za nyumba hii. Wadogo zangu walikuwa wanalala kitandani. Mkuu mpya wa posta akaniambia, rudi kazini, tutakupa namba mpya, watu tutawaambia Mungu alikuponya na aliyezikwa hajulikani, nyamaza. Nikanyamaza."

"Na mfagiaji?" fundi cherehani akauliza.

"Alikuwa kibarua, hana faili. Watu wakasema ametoroka na askari wa wavamizi, amemwacha mtoto wa miaka sita."

"Mungu wangu. Dobi?"

"Dobi."

Hakuna asiyemjua Dobi, mwanamke anayefua nguo za watu mtaa wa nyuma ya kisima. Mbele yake walimwita Dobi. Akipita walimwita Mtoto wa Mtoro, na wengine hawakusubiri hata apite. Nguo nzito za nyumba ile alikuwa anazifua yeye, mara moja kwa mwezi, kwa malipo.

Mgawa barua alizunguka kibaraza mara mbili. Alikuwa mtu mwema, lakini mwema naye huogopa. "Sawa, ilitokea," akasema. "Mlikuwa vitani. Lakini ukienda kulisema leo, tutalala wapi? Mke wangu ataweka wapi mashine? Wateja wanaujua mlango huu. Yule amekufa, mama! Miaka arobaini! Stempu itamfufua?"

"Binti yake hajafa."

"Mwambie na wewe!" mgawa barua akamgeukia mkewe.

Fundi cherehani aliokota pini sakafuni, moja moja. "Mimi msinitie humo," akasema mwishowe. "Nisiulizwe nimwambie asaini, wala nisiulizwe nimwambie asisaini. Nyumba naipenda. Naipenda sana. Lakini yule mama anapokuja kuchukua nguo hapa, mimi ndiye ninayemfungulia mlango."

Ijumaa mchana Mama Simu alimkuta Dobi uani kwake, amezungukwa na makarai manne na kamba za mashuka ya nyumba ya wageni. Dobi hakuacha kazi. Alisogeza ndoo kwa mguu, akaipindua, ikawa kiti.

"Kuna doa halikutoka?" akauliza.

"Sikuja kwa ajili ya nguo. Unakumbuka nilivyokwambia zamani, ukiwa mdogo, kwamba mama yako hakutoroka?"

"Nyuma ya mlango wa posta," Dobi akasema. "Ulininong'oneza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikakuuliza, alikufaje? Ukasema, vitani. Ukaniambia nisimwambie mtu kwamba wewe ndiye umesema. Nakumbuka."

"Sikukwambia yote."

Akamwambia yote. Koti, miguu, vifungo, kaburi, nyumba. Dobi alikuwa anakamua shuka, akawa anaendelea kulikamua hata maji yalipokwisha.

"Jumamosi iliyopita nilikufulia mapazia," akasema. "Ya sebuleni, na ya chumba cha mwanao."

"Ndiyo."

"Ukanipa na hela ya sabuni juu."

"Ndiyo."

"Nikakushukuru."

"Ndiyo."

"Nilikushukuru!" Alilipiga lile shuka kwenye karai, maji yakamrukia Mama Simu usoni na kifuani. Mama Simu hakujifuta. "Mapazia ya nyumba ya mama yangu nayafua kwa malipo, nakushukuru, naondoka kinyumenyume kama mtu mwenye adabu! Nimechumbiwa mara mbili mimi. Mara ya pili mama wa mchumba alikuja akasimama hapo hapo ulipokaa, akasema hataki mkwe atakayemtoroka mwanawe. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukakaa kivulini kila mwaka unapigiwa vigelegele."

"Nilikaa."

"Sasa umekuja nikupe nini? Nikwambie pole?"

"Sikuja kutafuta pole. Jumatatu nakwenda kuwaambia posta kwa maandishi. Nimeona haifai wewe ulisikie mtaani. Na nisingependa niende peke yangu, kwa sababu najijua. Mara ya kwanza nilikaa chini."

Dobi alimtazama muda mrefu, na katika ule utazamaji hapakuwa na huruma yoyote. Alikuwa na hasira ambayo haikujua ianzie wapi, na kazi mkononi.

"Nina mashuka arobaini ya watu," akasema, akageuka, akatundika shuka moja, akatundika la pili. Alipomaliza kamba nzima ndipo akauliza, bila kugeuka, "Saa ngapi?"

Jumatatu saa tatu walikuwa ofisini kwa mkuu wa posta, chumba chenye kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye kopo. Afisa wa Stempu alikuwa ameshaweka kalamu juu ya meza, imeelekezwa vizuri upande wa mtia saini. Dobi hakupewa kiti. Mkuu wa posta alimwona mlangoni na kumwambia nguo zinapokelewa mlango wa nyuma.

"Yuko na mimi," Mama Simu akasema, na mkuu akatafuta kiti.

Badala ya karatasi ya mistari miwili, Mama Simu aliweka mezani kurasa tatu alizoandika kwa mkono wake, kila ukurasa umewekwa saini. Afisa alisoma ukurasa wa kwanza ameegemea. Wa pili alisogea mbele. Wa tatu alivua miwani.

"Mama, hii inakutoa kwenye nyumba yako."

"Najua inakonitoa."

"Na hawa watu mji mzima, watakuonaje?"

"Watakavyotaka."

"Tutachoma laki sita!" Afisa akasimama. "Unajua bei ya karatasi ile yenye gundi? Mwiteni huyo mwanawe, amshauri mama yake."

Mgawa barua aliitwa kutoka chumba cha kuchambulia barua. Alisimama na furushi lake begani, akamwona mama yake, akamwona Dobi, akaona zile kurasa tatu na ile saini. Siku tatu nyumbani hakuwa ameongea na mama yake ila salamu. Mkamwana alisema baadaye kwamba usiku ule wa Jumapili alimwona akiwa amekaa, anaitazama mikono yake tu.

"Mshauri mama yako, kijana," Afisa akasema. "Fikiria ile nafasi."

Mgawa barua alishusha furushi. "Mama yangu ni marehemu, mheshimiwa," akasema. "Mmeandika wenyewe, nikaileta mwenyewe. Mimi nitamshauri vipi marehemu?"

Mkuu wa posta alikohoa kuficha kicheko, akashindwa. Afisa hakucheka. Alisema basi stempu ya nne itaondolewa, zitatoka tatu, mambo yaishe.

"Hayaishi," Mama Simu akasema. "Nafasi ina mwenyewe. Mwekeni."

"Hana faili, mama! Hana picha! Nani alipiga picha mfagiaji?"

"Kila mwaka siku ile mnanipa maikrofoni nisalimie. Mwaka huu sitasalimia. Nitasoma hizi kurasa tatu, mbele ya huyo Waziri wako, nikimaliza ndipo nikae. Au mnaweza kuziandika ninyi wenyewe vizuri, ikaonekana Posta ndiyo iliyogundua. Chagua."

Maji yalidondoka kwenye kopo. Mkuu wa posta, ambaye alikuwa amebakiza miaka miwili tu kustaafu na hakutaka makelele, alisema wazee wanadai Dobi amefanana na mama yake chapa moja. Labda mchoraji angemchora yeye.

"Huyu yuko hai!" Afisa akapiga kelele. "Tutarudi kule kule!"

Hapo ndipo Dobi alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Sura yake naijua mimi, inanitosha," akasema. "Ninyi andikeni jina. Jina ndilo hamkulijua."

Akalitaja, majina yote matatu, polepole. Afisa alitafuta kalamu, akakuta ni ile aliyomwekea Mama Simu, akaandika. Alipomaliza akauliza kwenye kazi yake waweke nini, wangeweza kusema Mhudumu, linapendeza zaidi.

"Mfagiaji," Dobi akasema. "Alikuwa anafagia."

Stempu ya nne ikatoka hivyo, bila sura: dirisha la kaunta ya posta, jina lenye maneno matatu, na chini yake, Mfagiaji. Watu wanaokusanya stempu waliiona mbovu. Mimi nimeiona, si mbovu.

Sitaki mtu adhani mji ulifurahi. Siku ya Ukombozi kiti cha Mama Simu cha mstari wa mbele kilikaliwa na mke wa mfanyabiashara wa saruji, na yeye akasimama nyuma kabisa juani, saa tatu nzima, wala hakuondoka. Mzee mmoja aliyekuwa akimwita shujaa kila asubuhi alitema mate pembeni alipompita. Wateja saba walikuja kuchukua vitambaa vyao kwa fundi cherehani, wengine havijakatwa bado. Nafasi ya mkuu wa kaunta alipewa kijana wa mji mwingine. Mgawa barua akarudi kwa mbwa wake.

Na Dobi? Siku ya kwanza muuza mkaa alipomwita kwa jina lake, hakugeuka. Hakujua anaitwa yeye. Muuza mkaa alirudia mara tatu, mpaka Dobi akaweka karai chini na kuuliza, "Mimi?" Jioni ile alilia sana, peke yake, na si kwa furaha tu.

Barua ya nyumba ilikuja mwisho wa mwezi, nakala mbili. Nyumba inarejeshwa kwa mrithi wa marehemu halisi. Waliopo wapishe ndani ya siku thelathini. Mgawa barua alizigawa zote mbili yeye mwenyewe, moja kwa Dobi, moja kwa mkewe, akamwekea kidole mahali pa kusaini kupokea.

Hawakungoja siku thelathini. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Dobi alipofika akiwa na gauni lake la kutokea na barua mkononi, alikuta vitanda vimefunguliwa, masanduku yamepangwa ukumbini na cherehani imefungwa kamba. Mama Simu alikuwa amesimama katikati ya sebule. Alimpa funguo.

Dobi aliingia chumba kimoja kimoja. Waliisikia milango ikifunguliwa na kufungwa. Aligonga ukuta mahali fulani kama anayejaribu tikiti maji, akafungua bomba la jikoni, akaliacha limwage, akalifunga. Akarudi.

"Nyumba kubwa," akasema. "Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Kuna chumba cha kupanga karibu na stendi," mgawa barua akasema.

"Chumba kimoja? Watu watatu na cherehani?"

Fundi cherehani alikaza kamba za mashine.

"Kuna vyumba viwili vya uani," Dobi akasema. "Nitavipangisha. Cherehani ikae kibarazani ilipo, wateja wanaujua mlango. Kodi tarehe moja. Siku mbili zikipita hamjalipa, mnatoka, na sitaki kuombwaombwa. Na msije mkadhani nimesamehe. Sijasamehe mtu."

"Sawa, dada," fundi cherehani akasema upesi, kabla mumewe hajaharibu kwa kushukuru sana.

Dobi alivuta kiti akakaa, katikati ya masanduku. Akamwonyesha Mama Simu kiti cha pili, na yule bibi akaketi taratibu, ameshika magoti.

"Ile asubuhi," Dobi akasema. "Niambie."

"Nimekwisha kukwambia, mwanangu. Kule uani kwako."

"Uliniambia mimi." Akanyanyuka, akaenda dirishani, akasukuma mabawa yote mawili mpaka yakagonga ukuta wa nje. Akafungua na la pili. Barabarani watu walikuwa wanapita, na ng'ambo fundi wa baiskeli alikuwa ameinamia gurudumu. "Sasa sema."

Mama Simu alianza kwa sauti ya chini, kwa mazoea. Alisema jina la mfagiaji, yote matatu, akasema walikuwa wawili nyuma ya mtambo, akasema nani alishindwa kusimama na nani alisimama. Muuza maji alipunguza mwendo. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na vikapu wakasimama. Mgawa barua aliinamisha kichwa, lakini hakutoka.

Alipofika darajani, machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta. Alimaliza. Akamtazama Dobi.

"Anza upya," Dobi akasema. "Yule wa ng'ambo hajasikia."

Mama Simu akavuta pumzi, akapaza sauti, akaanza upya.